Kaka, Mama Amekubali Kuhama

Kaka yangu Bakari,

Mama amehama Kitaya. Najua popote ulipo, kama habari hii ingekufikia, ungesema haiwezekani, maana tangu baba afariki tulimsihi wote wawili mpaka tukachoka. Basi amekubali. Sasa hivi yuko hapa kwangu Naliendele, ameketi uani anachambua kisamvu na anaimba, na mimi nimejifungia chumbani nakuandikia barua ambayo sijui niipeleke wapi. Nina jambo siwezi kumwambia mtu mwingine.

Unakumbuka tulivyokuwa tukimtania kwa unga wake? Likija jambo kubwa, iwe safari, posa au kufungua shamba jipya, jioni mama alichukua unga wa mtama akaenda kwenye shina la mkorosho nyuma ya nyumba. Aliumimina taratibu kutoka kiganjani mpaka ukafanya ncha, akanong'ona swali lake, akaondoka. Alfajiri alikwenda kutazama. Ncha ikiwa imesimama, jibu ni ndiyo. Ikiwa imeporomoka, jibu ni hapana, na hakuna wa kumbishia. Marehemu baba alinung'unika kwamba mtu anayeswali hana haja na unga, lakini siku ya kwenda kupasuliwa ngiri aliuliza kwa sauti ya chini, "Mama Bakari, unga umesemaje?" Tulicheka mpaka tukafukuzwa ndani.

Mimi nilikuwa wa kuuliza unga, wewe hukuwa. Nilipopata nafasi ya kuja mjini kujifunza cherehani nilishindwa kula. Nilifunga begi, nikalifungua, nikalifunga tena. Ulinikuta nimeketi nalo kizingitini, ukaniambia, "Amua kwanza, Zuhura. Utaogopa ukishafika." Ukalibeba mwenyewe mpaka barabarani, hukuniachia hata nafasi ya kulia vizuri. Nilikuchukia siku ile. Baadaye maneno hayo yalinisaidia mara nyingi, hata kwenye ndoa.

Kisha ukaja mwaka ule wa mpunga wako. Shamba lako lilikuwa ng'ambo ya mto Ruvuma, nchi ya jirani, kama mashamba ya watu wengi pale kijijini, na hakuna aliyeona ajabu kuvuka asubuhi na kurudi jioni. Lakini watu wa ng'ambo walianza kuvuka kuja kwetu na magodoro kichwani, na ukiwauliza kuna nini, walikuomba maji ya kunywa. Wewe ukasema mpunga umeiva na hautajivuna wenyewe. Mama akamimina unga. Asubuhi tukakuta umeporomoka.

"Kuku huyo, mama," ulisema. "Tazama nyayo zake." Kweli zilikuwepo, na wewe ulicheka, nami nikacheka. Ukachukua mundu na kiroba cha muhogo mkavu ukateremka mtoni. Mama hakucheka wala hakukuaga. Tangu siku ile hatujakuona, na hakuna aliyevuka akatuambia amekuona, mzima au maiti.

Tangu hapo mama hamimini unga bila kuufunika kwa bakuli na kuweka jiwe juu, ili mtu asimsingizie kuku tena.

Kitaya uliyoiacha siyo ya sasa, kaka. Nyumba nyingi za upande wetu hazina watu. Milango imeng'olewa, mbwa walioachwa wanalala kwenye majiko ya watu. Ng'ambo hatuoni tena moshi wa wapishi. Mara nyingine mchana kweupe unasikika mlio wa bunduki kutoka kule, na watu wanaendelea na mazungumzo yao kana kwamba hawakusikia. Nilikuwa nikienda kumwona mama na kurudi mjini na homa. Nilijua lazima aondoke, na nilijua siku nikimlazimisha likatokea la kutokea, nitabeba lawama mpaka kaburini. Nilikumbuka maneno yako kuhusu kuamua kwanza. Hayakunisaidia, maana aliyeyasema ndiye aliyetutia katika hofu hii.

Mjomba akaja kutoka Nanyamba. Unajua kwetu mjomba akisema amesema. Alisema atarudi Jumamosi na gari la kukodi, dada yake apande, na asipopanda yeye hatakanyaga tena pale. Mama akajibu, "Na Bakari akirudi akute nyumba tupu?" Mjomba akainuka kuondoka. Mama akasema atauliza unga.

Wiki ile nilikaa naye. Kila jioni alimimina, kila asubuhi aliniita nitazame, na kila asubuhi unga ulikuwa chini. Kaka, mimi nilianza kuogopa kweli. Mpaka alfajiri moja nilipotoka kwenda msalani nikamwona amechuchumaa pale mkorosho. Aliinua bakuli, ncha imesimama vizuri kabisa, naye akaisukuma kwa kidole. Akafunika, akarudisha jiwe. Nilirudi kitandani nikajifanya nimelala. Aliponiita nilikwenda, nikatazama, nikasema, "Kweli mama, umekataa." Ningesema nini? Alikuwa anakungoja wewe.

Ijumaa jioni alimimina kwa mara ya mwisho, na safari hii alinong'ona muda mrefu. Asubuhi nilimwacha kwenye mkeka wa swala nikawahi mkorosho, nia yangu niulinde unga na kidole chake. Jiwe lilikuwa mahali pake. Bakuli halikuguswa. Nilipoinua, unga ulikuwa umelala chini wote, bapa, kana kwamba mtu ameusawazisha kwa kiganja. Nilijiambia ni umande, nilijiambia ni sisimizi, lakini sikumwona hata sisimizi mmoja.

Gari la mjomba lilikuwa njiani. Nikaukusanya unga ule kiganjani nikaumimina upya. Mara ya kwanza ukaanguka. Mara ya pili ukasimama. Nikafunika, nikaweka jiwe, nikajifuta vidole kwenye kanga.

Mama alikuja akainua. Nilitegemea hasira, nilitegemea aniulize nani ameugusa. Alikaa mavumbini pale pale, akaweka mikono kichwani, machozi yakamtoka.

"Yuko hai," alisema.

"Nani, mama?"

"Kaka yako. Habari za kuhama nilikuwa nimechoka kuziuliza. Jana nimeuliza kama mwanangu yupo." Akajifuta uso, akainuka bila kushikwa mkono. "Twende zetu. Aliye hai atatutafuta."

Alipanda gari la mjomba mwenyewe, na tulipofika tu akaanza kula, mtu ambaye alikuwa amebaki mifupa. Hapa mtaani anawaambia majirani mwanawe yuko safarini. Kila akipakua, anakuwekea chakula chako kwenye bakuli na kukifunika, na mimi ndiye ninayekila asubuhi ili kisiharibike. Nakila nikiwa nimesimama.

Nilitaka kumhamisha mama, nimemhamisha. Yuko salama, na kila mtu ananisifu kwamba nimeamua vyema. Mimi ni mtu wa mjini, fundi cherehani, naweza kukueleza sababu kumi za unga kuanguka wenyewe. Nikizimaliza zote, bado nauona ulivyolala pale chini ya bakuli.

Njoo, kaka. Njoo hata kwa kunicheka, uniambie alikuwa kuku. Mama ananiita sasa, anauliza leo upikiwe nini.

Mimi mdogo wako,
Zuhura