Sweta ya Bibi Haipiti Kichwani

Falls Church, Jumatano, 7 Oktoba 1998

Daftari langu, nimeahidi kukueleza yote, hata ya kuudhi.

Katika vitu vitatu nilivyopanga kufuma msimu huu wa majani kupukutika, nimemaliza kimoja: sweta ya Bibi, anayefika huku ughaibuni Jumamosi kutoka Mombasa. Leo Mama kaijaribu. Shingo ikakwama kwenye ushungi.

"Mwanangu, mamangu avuliwe ushungi uwanja wa ndege ndipo avae sweta?" Akacheka mpaka akakaa chini.

Mimi sikucheka. Nilifuata kitabu mstari kwa mstari, wiki tano nzima, lakini kitabu hakimjui Bibi.

Nikiifumua niifume upya yenye vifungo mbele, sitawahi. Shali ya uzi huohuo nitaiwahi, ila shali si sweta, na baridi imeshaingia. Nijibu kabla sijavuta uzi: Bibi akijifunika shali, atajua kweli kwamba nilimfumia sweta?