Vidonge Vyangu Sigawi Tena

Kathonzweni, Jumatano, Oktoba 1986

Jua leo limeamka na hasira, na mimi pia. Mawingu yanakuja, yanatuangalia, yanaenda zao. Kwa hivyo mwandiko ukiwa mbaya, mwalimu wangu wa gumbaru, masomo yetu ya watu wazima, asiniulize.

Mwezi uliopita nilianguka. Tulikuwa kwa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, kina mama wote wa kijiji, tukichimba mitaro ya fanya juu, ile ya kuzuia maji yasibebe udongo, kwa shamba la mwenzetu kabla mvua haijaja. Nilirusha udongo juu, kichwa kikazunguka, nikajikuta chini midomo imejaa vumbi. Walinipeleka dispensari kwa mkokoteni wa punda. Presha ilikuwa juu sana. Sista akaniuliza kama dawa nameza kila siku. Nikamwambia nameza zikiwepo.

Na kwa nini hazikuwepo? Kwa sababu nilikuwa nazigawa.

Hapa kwetu mtu akikukuta unakula, unamkatia, ndiyo adabu. Ukiwa na ugoro, unamwekea kwa kiganja. Sasa mimi nikipewa dawa ya mwezi mzima, je? Marika wangu wanajua siku yangu ya kliniki kuliko mimi. Huyu kichwa kinamgonga, yule moyo unamwenda mbio, mwingine hana chochote ila hataki kuachwa nyuma. Wote wanapata kimoja kimoja, na mwezi ukifika katikati nabaki na karatasi. Aliyeanzisha mambo haya ni wifi yangu Kalunde, dada ya marehemu mume wangu, na yeye hajawahi kupimwa hata siku moja.

Sista hakunigombeza. Alisema tu kwamba presha isiposhikwa inaweza kuua upande mmoja wa mwili, nisiinuke tena, na kwamba dawa niliyopimiwa mimi inaweza kumdhuru mwingine. Niliogopa. Kufa sikuogopa, hiyo nilimwachia Mungu zamani. Niliogopa kulala kitandani nikilishwa uji na kijiko, jembe langu likila kutu.

Kumbe wenzangu nao walinikalia kikao. Leo asubuhi nimefika na jembe begani, na Ndunge, mwenyekiti wetu, ambaye mimi nilimbeba mgongoni akiwa mtoto, akanishika mkono kwa upole mwingi.

"Mwaitu, mama yetu, wewe sasa kaa kivulini utupikie uji. Umechoka."

Sijachoka. Nilikuwa sina dawa. Hayo ni mambo mawili.

Nilimwambia hivyo mbele ya wote. Nameza kila asubuhi sasa, chumvi nimepunguza, kichwa kimetulia. Jana sista alinipima tena, akasema kazi si adui yangu, mradi ninywe maji na nipumzike jua likiwa kali. Basi nitachimba mpaka saa nne, halafu nitakaa. Ndunge akaniachia mkono. Mimi nikaingia kwa mtaro.

Wakati wa uji Kalunde akaja kukaa karibu yangu, akanyoosha kiganja kama siku zote. Alisema kichwa kimemsumbua usiku kucha.

Sijawahi kumnyima wifi yangu kitu. Nikamwambia dawa yangu sitampa, lakini siku ya soko twende dispensari pamoja apimwe, na kama anazihitaji apewe zake. Akasimama. Akasema kwa sauti, ili kila mtu asikie, kwamba mke wa ndugu yake amekuwa mchoyo.

Niliweka kikombe chini. Hapa kwetu hilo ni neno linalomfuata mtu mpaka kaburini, na watoto wake wanalirithi. Niliumia, sitadanganya. Lakini pembe ya leso ninapofunga vidonge sikuifungua.

Na sitaifungua.

Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. La Kalunde litasikia, hata kama ni kulivuta. Siku ya soko nitafika kwake mapema nikae mlangoni mpaka atoke, na akikataa nitarudi soko linalofuata. Aniite mchoyo njia nzima, mimi nitatembea naye tu. Nimeshamzika ndugu yake. Yeye sitamzika kwa sababu ya adabu.