Namba Tisa kwenye Mnyororo wa Maombi

Jumanne, 5 Machi 1991

Nimetia sahihi mkataba. Basi. Kalamu yangu iligoma, meneja wangu Rusty akanipa yake. Kampuni kubwa ya muziki ya New York — nahamia huko mwezi ujao. Nyimbo za redio za kawaida: mapenzi, safari, mvua. Yesu hatajwi hata mara moja. Rusty anasema nimewaimbia waliookoka miaka kumi, sasa niwaimbie na wengine. Nimekubali kwa moyo mweupe. Ila Mama sijamwambia. Nitamwambia Jumapili baada ya ibada, ana kwa ana, kabla hajasikia kwa watu.

Jumatano, 6 Machi

Duka la vitabu vya Kikristo hapa Franklin limeshaondoa kaseti zangu. Habari imefikaje? Muuzaji, bila kuniangalia, akasema ziko stoo kwa muda. Hata ile ya Zaburi tupu! Nimeumia. Nikanunua kadi ya pole nisiyoihitaji, nikatoka.

Alhamisi, 7 Machi

Saa nne asubuhi, simu. Dada Verlene wa kanisani. Mnyororo wa maombi — kila mtu humpigia anayemfuata kwenye orodha, na hakuna kuukata. Yeye wa nane, mimi wa tisa. Akasoma mbio mbio kama kawaida yake:

“Tumwombee Darla Stinnett, ameiacha madhabahu, anakwenda kuiimbia dunia, Bwana amrudishe...” Ndipo akakumbuka anaongea na mimi. “Jamani, Darla. Nimesoma bila kufikiri, mwanangu.”

Nikamwambia si neno, ombi nimeshaliandika.

“Basi... huyo anayefuata utampigia?”

Wa kumi ni Mama.

Nimekaa na orodha dakika ishirini. Ningeweza kumruka. Angepigiwa na mwingine kabla ya chakula cha mchana, nami ningejifanya sikujua. Nikapiga. Nikasema, Mama, ombi la leo ni langu mimi. Nikamsomea lilivyo, madhabahu na yote.

Mama akasema: “Haya, fumba macho,” akaanza kuomba.

Sijafumba. Nimelaza mkonga wa simu mezani, naandika huku namsikia. Mnyororo unataka nirudishwe. Mpaka hapa hajaliomba hilo. Ameombea koo langu, baridi ya New York, na mtu wa kula naye Jumapili. Sasa amenyamaza. Analia, au anatafuta neno, sijui. Amina hajaisema —