Jibu la Serikali Kuhusu Zahanati ya Mwasengeja

Mwasengeja,
10 Machi 2024

Mdogo wangu Constantine,

Mwangaluka. Habari za Dodoma? Mkeo Precious na watoto hawajambo? Sisi huku ni wazima, ila magoti yangu yananisumbua tangu mvua zilipokolea. Nakuandikia barua kwa sababu simu yako siku hizi inapokelewa na yule msaidizi wako Renatus, na kila nikipiga ananiambia mheshimiwa yuko kikaoni. Ulishindwa kuchunga ndama wanne wa baba, leo una mtu wa kukuchungia simu! Barua hii nampa kondakta wa basi.

Shida yangu ni moja, zahanati. Unakumbuka tulivyosomba mawe na mchanga, kila kaya kwa zamu yake, mpaka kuta zikasimama. Serikali ikaleta bati tukapiga vigelegele. Huu ni mwaka wa nne. Hakuna nesi, hakuna kitanda, hakuna hata kidonge cha kichwa. Wanaolala wodini ni mbuzi wa Bujiku, mwenyekiti wetu wa kijiji.

Mkamwana wangu Justina ana mimba, anatarajia mwishoni mwa Mei. Ile ya kwanza alijifungulia kwenye mkokoteni wa ng'ombe njiani kwenda kituo cha afya cha Kasoli, akamwaga damu mpaka tukamkatia tamaa. Daktari alimwonya asijifungue tena mbali na wahudumu. Mwanangu Machibya namwona anavyomwangalia mke wake. Simama bungeni uwaulize, nesi anakuja lini? Sikuombi kingine.

Ni mimi ilumbu lyako, dada yako,
Milembe


Dodoma,
24 Machi 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Barua nimeipata, na Precious amecheka sana habari za ndama. Pole na magoti, nitakutafutia dawa ya kuchua.

Swali lako nimeshaliandika na limepokelewa. Litaulizwa Aprili, tukianza Bunge la bajeti. Utaratibu uko hivi: swali linashushwa mpaka halmashauri, wao wanatuma wataalamu kuja kuangalia hali ilivyo, wanaandika taarifa, na hiyo taarifa ndiyo Naibu Waziri atakayoisoma. Baada ya hapo mimi naruhusiwa maswali mawili ya nyongeza, na hapo ndipo nitakapowabana. Kwa hiyo wageni watakuja hapo kijijini. Mwambie Bujiku ajiandae. Wapokeeni vizuri.

Msalimie Justina, mwambie mjomba yuko kazini.

Mdogo wako,
Constantine


Mwasengeja,
14 Aprili 2024

Mdogo wangu Constantine,

Mwangaluka mheshimiwa! Natumaini nyote ni wazima. Sisi tumechoka, lakini kwa furaha.

Wageni wako walikuja Alhamisi, gari mbili. Barua yako niliisoma mbele ya mkutano wa kijiji, na Bujiku akasema mbunge wetu hawezi kuaibishwa na kijiji chake mwenyewe. Mgeni gani anakaribishwa kwenye kinyesi cha mbuzi? Tulifagia, tukapaka chokaa, vijana wakakata nyasi mpaka barabarani. Mimi nilitoa kitanda changu na godoro, watu wengine wakatoa vyao, vikafika vitanda vitano. Mapazia tulishona kwa vitenge. Shuleni tukaazima meza na kabati. Felisita, yule aliyewahi kufanya usafi hospitali, alivaa koti lake jeupe akakaa mezani na daftari. Akina mama tukawapanga kwenye benchi na watoto wao, ili wageni waone kwamba watu wa kutibiwa wapo. Justina naye alikaa pale na tumbo lake, amependeza kweli.

Walipiga picha kila chumba. Mkubwa wao akasema, "Hongereni, kumbe mko mbali!" Tukawachinjia mbuzi wawili, wakala, wakasaini kitabu, wakaondoka. Jioni kila mtu akabeba kitanda chake akarudi nacho nyumbani.

Hatukukuangusha. Sasa tunasubiri nesi.

Ilumbu lyako,
Milembe


Dodoma,
2 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili tu. Barua yako ilinikuta nimeshatoka bungeni, nikaisoma nikakaa chini sakafuni kama mtoto.

Swali liliulizwa wiki iliyopita. Naibu Waziri alisoma kwamba zahanati ya Mwasengeja imekamilika, ina vitanda vitano, ina mhudumu, na imeanza kutoa huduma za mama na mtoto. Akasema picha zipo. Wabunge wakapiga meza. Baadaye alinionyesha hizo picha, nikakiona kitanda chako, chenye maua aliyochonga marehemu shemeji. Lakini hata kabla ya picha nilijua kwamba si kweli, maana Renatus alipita hapo Februari.

Nilisimama kwa ajili ya swali la nyongeza. Dada, nakuambia kama ilivyokuwa. Niliogopa. Nikikataa nitaulizwa ushahidi, na sikuwa nao. Kuna mmoja nyuma yangu alisema, mbunge hajui hata jimboni kwake kuna nini, wakacheka. Nikasema, "Mheshimiwa Spika, naishukuru sana Serikali." Nikakaa.

Sikukwambia muiache zahanati kama ilivyo. Sikudhani kwamba ni jambo la kuambiwa.

Nitalifuatilia kwa njia nyingine. Lakini Justina asikae hapo. Mwezi huu usiishe, mpelekeni Kasoli au Bariadi mjini asubirie huko. Tafadhali dada.

Mdogo wako,
Constantine


Mwasengeja,
4 Juni 2024

Constantine,

Hatujambo wachache. Justina tumemzika Jumatano.

Barua yako ilikaa wapi sijui, ilinifikia tarehe ishirini na tatu. Justina wakati huo alikuwa ameshakwenda kwa wazazi wake ng'ambo ya mto, mama yake alikuwa anaumwa. Mto ulikuwa umejaa na kule mtandao hakuna. Machibya alikaa ukingoni siku tatu akisubiri maji yapungue.

Uchungu ulimwanza Jumapili alfajiri. Maji yalikuwa yameshuka kidogo. Kaka zake walikuwa na mkokoteni, na kutoka kwao njia ya Kasoli inapita upande wao huohuo, huna haja ya kuvuka mto wala kufika kwetu. Wangefika kabla ya saa nne. Justina alijua kwamba vile vitanda vilikuwa vyetu, alikuwepo. Mama yake anasema alisita. Lakini nyumba nzima walikuwa wamekusikia redioni, wakamwambia kuna nesi sasa, zahanati ni karibu. Na yeye mwenyewe mwishoni akasema, "Mjomba ameshukuru. Mjomba hawezi kushukuru kitu ambacho hakipo. Watakuwa wamemleta nesi nilipoondoka."

Wakavuka naye mto kwenye kivuko cha chini, Machibya hakuwaona, wakamleta kwenye zahanati yako. Mlango ulikuwa na kufuli. Tulipofungua kulikuwa na sakafu tu. Felisita alikuja mbio, mikono mitupu, analia kabla hajamgusa. Mtoto alitoka, wa kike, yuko hai. Damu haikukatika. Tukampakia tena kwenye mkokoteni twende Kasoli, tulipofika kwenye mashamba ya pamba ya kwanza akamwita Machibya mara mbili. Basi.

Mimi ndiye niliyebeba kitanda, Constantine. Mimi ndiye niliyemwambia avae gauni zuri akae kwenye benchi. Dhambi yangu naijua na sitaikimbia. Bujiku naye amesema yuko tayari kukiri. Kwa hiyo nakuomba, simama hukohuko uliposimama useme kwamba tulidanganya na wewe ukashukuru, ili watu wa vijiji vingine wasiendelee kuleta wagonjwa kwenye nyumba tupu. Bunge halijafungwa. Tunasikiliza redio.

Milembe


Dodoma,
15 Juni 2024

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na poleni sana. Mimi na Precious tumelia. Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Ningekuja kuhani lakini ndiyo wiki ya bajeti, haturuhusiwi kutoka. Renatus anakuja na gari, ataleta mchele, sukari na maziwa ya mtoto.

Kuhusu hilo la kusimama, nimelifikiria usiku na mchana. Kauli yangu iko kwenye kumbukumbu za Bunge. Nikiigeuza sasa, Bujiku na Felisita watashikwa, na wewe pia, na mwakani ni uchaguzi, wapo wanaosubiri niteleze. Tukienda taratibu, nimeahidiwa nesi mwezi wa nane au wa tisa. Tumwachie marehemu apumzike. Maneno hayatamrudisha.

Nivumilie dada.

Mdogo wako akupendaye,
Constantine


Mwananchi wa Mwasengeja,
7 Julai 2024

Kwa Mheshimiwa Mbunge,
Dodoma.

Yah: SWALI

Mheshimiwa, tulisikiliza Bunge mpaka siku lilipofungwa. Tulikusikia ukiuliza habari za minara ya simu na taa za barabarani. Gari lako lilifika, tumelirudisha na vitu vyake vyote, Renatus ni shahidi. Mtoto anakunywa maziwa ya mbuzi. Wiki iliyopita watu wa kijiji cha jirani walimleta mama mwingine kwenye zahanati. Bujiku sasa anakaa mlangoni kutwa nzima kuwaambia watu wapitilize Kasoli. Nami nimekwenda kituo cha polisi Bariadi kueleza tulichofanya. Walisikiliza, wakasema kwenye taarifa ya Serikali hakuna kosa lililoonekana, nirudi nyumbani.

Swali langu la msingi ni hili: ni lini Mbunge atawaambia watu kwamba zahanati ya Mwasengeja haipo?

Nina swali moja la nyongeza. Mtoto huyu akikua, akaniuliza mama yake alifariki vipi, nimjibu kama ilivyokuwa, au nimjibu kama ilivyosomwa bungeni?

Naomba majibu kwa maandishi.

Milembe,
mpiga kura.