Foleni ya Wazima

Mama mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku kisiwani Pate, nikitumaini goti lako limekuruhusu kwenda kanisani na yule ng'ombe amezaa salama. Mwili wangu hauna neno. Akili ndiyo imevurugika, na kwa simu hatungemaliza, maana hapa inakatika kila dakika.

Unakumbuka nilivyolalamika kwamba zahanati yangu inamalizwa dawa na watu wenye mafua? Asubuhi nzima nilikuwa nagawa vidonge vya maumivu, na mwenye malaria akifika, kabati tupu na mimi hoi. Basi wakubwa wangu wa bara wakaniagiza niwafundishe watu: mafua, kichwa, maumivu madogo, nunueni dukani kwa Bwana Athumani, dawa za serikali tuwaachie wagonjwa hasa. Nikaona wamesema la maana. Kidonge kimoja cha dukani kinaiokolea serikali dawa na muda wangu, na mtu hapotezi siku yake ya shamba. Nikahubiri nyumba kwa nyumba. Bwana Athumani naye nikamwonya asikate vidonge kwa mkasi akaondoa tarehe ya kuharibika, na ambaye homa yake haishuki amlete kwangu.

Mama, ilifaulu! Kabati likakaa na dawa, nikapata nafasi ya kuwapima wajawazito bila haraka. Halafu ikaja habari kwamba wagonjwa wamepungua mno, kwa hiyo wakubwa wanakuja kuangalia kama zahanati ifungwe nami nihamishwe. Walionituma ni walewale! Wajawazito wangu wajifungulie wapi, na hospitali ni safari ya boti? Nililia, kisha nikamweleza Bi Mwanaisha, mwenye nyumba yangu. Alinisikiliza tu, akaendelea kukuna nazi.

Siku ya wageni nafungua mlango, foleni imefika ukuta wa msikiti. Bi Mwanaisha yuko mbele, kajifunga leso kichwani. "Daktari, kitwa chaniuma," akasema, akanikonyeza. Nyuma yake wanaume wanakohoa kwa zamu. Hata Bwana Athumani, mwenye duka la dawa, kashika tumbo!

"Sote tu wagonjwa yeo," Bi Mwanaisha akaninong'oneza.

Nilitaka kucheka, nikataka kuwafukuza. Nikawahudumia mmoja mmoja, wageni wakitazama na kuridhika.

Mwisho kabisa wa foleni alikuwa Bi Khadija, aliyetoka shamba asubuhi hiyo bila habari yoyote ya mpango. Mwanawe mchanga alikuwa mapajani, anapumua kwa shida, mbavu zinaingia ndani. Nikamuuliza kwa ukali kwa nini hakupita mbele.

"Nalidhani wote ni wagonjwa, Daktari."

Mtoto anaendelea vizuri, Mungu asifiwe. Zahanati haifungwi. Lakini sijui nimshukuru nani, nimkasirikie nani. Watu wananiuliza sasa waende dukani au waje kujipanga, nami nabaki kutabasamu kama mjinga.

Nisalimie Baba Mdogo, fundi wetu wa baiskeli, na dada Mwende mwalimu wa chekechea. Mwambie leso alizoniagiza nimeshazipata. Na wewe, Mama, dawa ya goti unanunua dukani au unapanga foleni hospitalini? Nijibu kweli, maana ungeniuliza mimi, nesi uliyemsomesha, nisingejua la kukuambia.

Binti yako anayekukumbuka,
Mutheu