Mwalimu Asiyewazidi Wenzake

Ndola, Rhodesia ya Kaskazini

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana najua ameketi hapo karibu anasubiri. Mguu wake unaendeleaje? Kahawa imeshachumwa? Huku tu wazima wa mwili: mimi, Mwape mke wangu, na Raheli wetu, ambaye sasa anakimbia na kumjibu kila mtu kama bibi kizee. Roho ndiyo si nzima.

Baba, ushuhuda wenu ulifika. Niliwaandikia kwamba watu wa ofisi ya vibali hapa wamekuwa wakali: mwalimu aliyetoka Tanganyika habaki kazini mpaka athibitishe kwamba ana uwezo wa pekee, ambao walimu wa hapa hawana. Wanataka maneno ya watu wanaomjua tangu utoto. Ndipo nikakuomba wewe na wazee wenzako wa kanisa mniandikie. Mkaandika, na mchungaji akagonga muhuri. Nikasoma: "Huyu ni kijana mnyenyekevu. Tangu shule hajajiona kuwazidi wenzake. Kazi anayoifanya, mwingine yeyote aliyefundishwa angeiweza, naye mwenyewe analijua hilo wala hajivuni."

Nililia kwa furaha, Baba. Huko kwetu Meru kijana akisemwa hivyo mbele ya wazee, si anapewa mchumba siku hiyo hiyo! Sikuona kosa hata kidogo. Niliikunja barua hiyo vizuri nikaipeleka ofisini mwenyewe, nikaitoa kwa mikono miwili.

Bwana mkubwa wa pale ni Mwingereza aliyewahi kufanya kazi Tanganyika, kwa hiyo Kiswahili anakisoma. Alisoma, akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Mwalimu, wazee wako wanasema mtu yeyote anaiweza kazi yako." Nikamweleza kwamba kwetu ndivyo mtu anavyosifiwa. Akasema, "Haya basi, nieleze kwa mdomo wako. Unawazidi wenzako kwa lipi?"

Lo, Baba! Maneno nilikuwa nayo. Lile darasa langu la watoto wa wachimba migodi, wengi wao walikuwa wamerudishwa mara mbili tatu, walimu wamewakatia tamaa. Mimi nikawafundisha kugawanya kwa karanga: tunagawana, na ile baki tunaila. Sasa wanagawanya kichwani, na mkaguzi wa shule alileta walimu wengine waje watazame. Yote yalikuwa hapa mdomoni. Nikaona aibu. Ulitulea ukisema, "Acha wengine wakutaje," na wengine hao ndio ninyi, mliokwisha kunitaja. Nikainamisha kichwa nikajibu, "Ninajitahidi tu, bwana." Akangoja. Kisha akavuta muhuri wake akagonga: kibali kimekataliwa.

Mwape alikuwa nje na mtoto. Nilipomwambia alinishika koti. "Hukuzisema karanga? Na mkaguzi hukumsema? Sasa ulikwenda kufanya nini mle ndani?" Nikampokea mtoto, tukashika njia ya nyumbani.

Nimerudi pale mara mbili, karani ananiambia faili limefungwa. Kuomba ushuhuda mwingine haifai, kwa sababu barua kwenda na kurudi inakaa njiani zaidi ya mwezi, na mimi nimepewa mpaka mwisho wa mwezi huu tu niwe nimeondoka. Hii utaisoma nikiwa tayari niko njiani.

Na sasa nifike kwenye lililonikaa kooni. Kwa watu wa Mwape, mtoto ni wa ukoo wa mama. Kaka zake walikuja wakakaa, wakanywa chai, wakasema kwa upole kabisa, "Shemeji, nenda salama, lakini dada yetu na mtoto hawavuki mpaka." Nimetuma wazee, nimepiga magoti. Mwape analia usiku na mchana, lakini hawezi kuvunja neno la nduguze. Na hakuna hata wa kumkasirikia, Baba, hilo ndilo linaloniua. Ninyi mlisema kweli. Yule bwana alifuata sheria yake. Mashemeji wana desturi yao. Nifanyeje mimi?

Nisalimie dada yangu aliyeolewa Kikwe, na mjomba anayetuchungia ng'ombe. Mchungaji mshukuru kwa muhuri wake. Mengine usimwambie, atahuzunika bure. Mama mwambie polepole, akishakula.

Jumapili nitakayofika, usharika utataka nisimame mbele, washukuru kwamba mtoto wao amerudi nyumbani. Sijawahi kukuomba neno la namna hii, lakini nakuomba: wazuie.

Raheli hatujamwambia. Jana aliniona nikipanga nguo, akaenda akaleta viatu vyake, akavitia kwenye sanduku langu, akaniambia nifunge. Bado vimo. Sijaweza kuvitoa.

Mimi mwanao, nisiyejua la kusema hata sasa,

Anaeli