Mamba muntu wa shimo la mazuku

Keshero, siku ya tatu, magaribi

Sijue tena nimuambie mutoto nini.

Mama mukwe wangu alikuwa anamuambia binti yangu Espérance kama mule shimoni, karibu na ziwa, munaishi mamba muntu, nusu mwanamuke nusu samaki, anayevuta batoto chini. Mimi nikachukia. Sisi ni bakristo, na uongo wa kutisha batoto siupendi. Jana nikamukalisha Espérance, nikamueleza ukweli: mule hamuna mutu wala samaki, ni hewa tu, mazuku, inatoka chini ya mawe, haionekani, na inaua.

Leo tulipoenda kuteka maji, nageuka, namuona anakata njia kupitia shimoni na bidoni yake ya maji. Nilimuvuta mukono mpaka akalia. Hatua chache mbele yake mbuzi ya jirani ilikuwa imelala, imekufa, bila kidonda.

"Mama, si ulisema ni hewa tu?"

Mama mukwe alisikia habari yote, akaendelea kuchambua maharagi bila kunilaumu. Hiyo njo inaniuma zaidi.

Basi jioni hii nikamuambia mutoto kama mamba muntu yuko. Akauliza kama nilimuona. Nikasema ndiyo. Akauliza nywele zake ziko namna gani. Nikajibu pale pale: ndefu, nyeusi, zinashikamana na mawe, hazikaukake.

Nani alinifundisha hiyo? Mama mukwe hakusemaka ya nywele.

Na kesho asubui ni mimi nitapita pembeni ya ile shimo kuteka maji. Peke yangu.